Tamthilia ya Jirani, Mambo ya Kwetu

  Kama ndani ya nyumba amani haipo, basi leo sogea karibu zaidi, maana nina jambo la kuzungumza na wewe, na linaanzia kwenye televisheni.

Hivi umewahi kujiuliza kwa nini tamthilia za Kenya na Uganda zinatushika namna hii? Sisemi kwamba za kwetu hatuzipendi. Huba tulianza kuifuata 2017, Jua Kali ya Lamata ikaja 2021, na Wakenya wenyewe wanazifuatilia, usiwaone kimya. Lakini ya jirani ina utamu wake. Mtu akikaa mbele ya Selina au Maria, simu itaita mpaka ichoke. Mboga itaungua jikoni na pua haina habari. Mgeni akibisha hodi anajibiwa "karibu" bila hata kutazamwa usoni!

Kwetu Kashai, pale Bukoba nilikokulia, hali ndiyo hiyo hiyo, tena imezidi. Likizo iliyopita nilikaa huko wiki tatu, nikazunguka kwa ndugu na majirani, na kila sebule niliyoingia jioni ilikuwa na ya kwake. Hawa wanafuata ya Nairobi. Wale wanafuata ya Kampala. Wengine wamechomeka flashi yenye sinema ya Wakorea iliyotafsiriwa kwa Kiganda na ma-VJ wa Kampala, akina VJ Jingo, na wanacheka kwelikweli. Nikawauliza: jamani, mnapenda nini humo? "Wanavaa vizuri." "Nyumba zao kali." "Yule kijana mtanashati ile mbaya." Sawa, nimewaelewa. Ila nguo nzuri na nyumba nzuri hata Wafilipino wanazo. Lazima kuna kingine.

Jirani alitutangulia

Tuanze na historia kidogo. Kenya ilipata televisheni 1962, Uganda 1963. Zanzibar ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulikaa hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kwa miaka yote hiyo serikali iliona televisheni ni anasa ambayo nchi inayojenga shule na visima haiwezi kuimudu. Kwa hiyo jirani alikuwa amezoea kujiona kwenye kioo kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya sisi kuanza.

Na kwa mtu wa Bukoba, jirani siyo neno tu. Kutoka mjini mpaka Mutukula mpakani ni kama kilomita 80. Kutoka mjini mpaka Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300. Kampala iko karibu na sisi kuliko makao makuu ya wizara yoyote. Ndiyo maana wazee wetu walisikiliza redio ya Kampala, na ndiyo maana mtoto wa Kashai anaelewa Kiganda bila kukaa darasani hata siku moja. Ilipokuja The Hostel mwaka 2011, na wale wanafunzi wa chuo wanaoishi hosteli moja, au Sanyu mwaka 2021, jina ambalo kwa Kiganda ni furaha, watu wa kwetu hawakuhitaji kuelezwa.

Wakenya nao walituzoeza mapema. Nani hamkumbuki Mzee Ojwang' wa Vitimbi na mkewe Mama Kayai? Jina lake halisi alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo kwa lafudhi nzito mpaka watu wakaamini, na alipofariki Julai 2015 wengi walimlilia kama mtu wa nyumba yao. Miaka ya 1990 kulikuwa na Tausi. Baadaye zikaja Tahidi High na Papa Shirandula. Halafu mwaka 2019 ikaingia Maria, saa moja na nusu usiku kwenye Citizen, habari ya binti wa mtaa wa mabanda anayeingia kwenye jumba la matajiri na kumpenda Luwi, kijana wa nyumba ile ambaye tayari ana mchumba.

Wanandoa, hapa nawaambia kitu cha pembeni. Maria ilitengenezwa na Jiffy Pictures, kampuni ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla. Hawa ni mke na mume, na mwaka 2018 walianza kusoma taarifa ya habari pamoja, meza moja, ndani ya Citizen TV. Wewe na mwenzio hamwezi hata kupanga bajeti ya sokoni bila kununiana!

Bibi, nyanya na kicheko

Sehemu ya utamu ni lugha. Kiswahili cha Nairobi kwetu ni burudani tosha. Shangazi yangu mmoja alikuwa anafuata tamthilia ambayo kijana alisema kwa uchungu, "Nampenda bibi yangu, siwezi kumwacha." Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtoto ana adabu huyu, anamjali bibi yake. Dakika mbili baadaye "bibi" akatokea: miaka ishirini na mitano, kigauni kifupi, mdomo mwekundu. Ilibidi aelezwe kwamba kwa Wakenya wengi bibi ni mke. Bibi wa kwetu, mama mzaa mama, wao wanamwita nyanya. Na siku aliposikia kwamba "nyanya amelazwa hospitali" alizima televisheni.

Lakini angalia kicheko hiki kinafanya nini. Lugha ni yetu, halafu siyo yetu. Unaelewa kila kitu, na bado kuna kijinafasi kidogo kati yako na wale watu. Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu.

Si karibu sana, si mbali sana

Tamthilia ya Mexico au Uturuki iko mbali. Utalia, ndiyo, hata Sultan wa Azam aliwaliza watu waliokuwa wanamsikia kwa Kiswahili. Lakini humo hakuna kikao cha mahari na wajomba wenye midomo. Hakuna mama mkwe anayehesabu vipande vya nyama. Hakuna matanga.

Tamthilia ya kwetu nayo iko karibu mno, hasa kwa sisi wa miji midogo. Ukiangalia na jirani yako, dakika ya tano anasema, "Huyu si wamemwiga mke wa fulani?" Ukicheka, umemcheka mtu. Ukikasirika, wanajiuliza una nini. Kashai maneno yana miguu. Ulichosema sebuleni leo, kesho sokoni wanakipima pamoja na dagaa.

Ya jirani inakaa katikati. Matanga yapo, mahari ipo, shemeji mwenye tamaa yupo, mume mwenye nyumba ndogo yupo. Lakini ni wa Nairobi. Ni wa Kampala. Hakuna anayewajua, hakuna atakayewapelekea habari. Unaweza kuwasema mpaka uchoke, na ndani ya kuwasema wao, ukachomeka la kwako.

Na kuna jambo jingine dogo ambalo tunalipita. Watu wanaoangalia televisheni wanatazama upande mmoja. Hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Wewe mwenyewe unajua, yapo maneno ambayo huwezi kuyasema ukiwa umetazamwa usoni.

Mpaka matanga yaanuliwe

Hili nililiona nyumbani kwa mama yangu, katika likizo hiyo hiyo.

Baba alifariki mwaka 1996, nikiwa na miaka saba. Tulikuwa tunaishi kijijini kwake, Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, sisi mabinti watatu na mama. Baada ya msiba tukahamia Kashai, chumba kimoja cha kupanga, mama akaanza kuuza ndizi kwa mkungu na baadaye akafungua genge. Siku zote tulijua tulihama kwa sababu ya shule. Shule za mjini nzuri, basi. Nilimaliza chuo kikuu na bado nilikuwa najua hivyo.

Jioni ile tulikuwa sebuleni, mimi na mume wangu kwenye kochi, mama kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni. Kwa heshima za kwetu mama mkwe na mkwe hawabanani kiti kimoja. Tamthilia ilikuwa ya Kenya, na ilikuwa imefika pale ambapo shemeji za mjane wanamwambia akusanye vitu vyake. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi. Mume wangu, mtu asiyependa tamthilia, alikuwa amekasirika kuliko sisi wote.

"Ana bahati huyo," mama akasema. "Wamempa mwezi mzima."

"Mwezi ni bahati, mama?"

"Mimi nilipewa mpaka matanga yaanuliwe, baba."

Tukanyamaza. Likaingia tangazo la sabuni, watu wanacheza na kuimba, hakuna aliyepunguza sauti. Mama akaendelea kuchambua mchele huku macho yako kwenye kioo.

"Walisema nyumba haina mtoto. Na nyinyi watatu mmekaa pale pale, mnakula."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Ningewaambia muanze kuwachukia baba zenu wadogo? Ile ni damu yenu." Nikamuuliza tena, sasa kwa nini leo? Akanishangaa kidogo. "Si tulikuwa tunazungumza habari za yule mama wa Nairobi?"

Miaka yote hiyo jambo lilikuwa limekaa kifuani mwake, na lililolitoa ni mwanamke ambaye hayupo, wa mji ambao mama hajawahi kufika.

Hata sisi tuna tamthilia

Niliporudi kazini nilisoma jambo ambalo nataka wewe pia ulijue, hasa kama ndoa yako ina mguu mmoja Kagera. Tamko la Sheria za Mila la 1963 lilimweka binti daraja la mwisho katika urithi, na mjane likamwachia watoto wamtunze. Kwa Wahaya, mwanamke aliweza kukitumia kibanja cha ukoo lakini siyo kukiuza.

Halafu akatokea mama mmoja wa Kagera, Holaria Pastory. Alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, wa ukoo wake, akaenda mahakamani kudai mwanamke hana ruhusa ya kuuza. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba Katiba yetu ina haki za binadamu ndani yake, na mila haiwezi kumpa mwanamume ruhusa ikamnyima mwanamke. Masharti ya kuuza yawe sawa kwa wote. Hukumu hiyo inasomwa na wanafunzi wa sheria nchi nyingi.

Ilitolewa miaka sita kabla ya mama kufungasha vitu vyake. Haikuhusu wajane moja kwa moja, hilo nakubali, na sijui kama ingemsaidia. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba ipo. Machozi ya mjane wa Nairobi tumeyajua kipande kwa kipande, ya Holaria wa kwetu hatuyajui.

Na hii ndiyo hatari ya mambo ya jirani. Yanafungua mdomo, lakini pia yanaweza kutufariji kwamba ni ya jirani tu. Kagera inalijua hili kwa gharama kubwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Watu wakauita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiingia kwa magendo kutoka Uganda. Ni kitu cha ng'ambo, wakasema, kinawapata wa magendo. Na kule ng'ambo, Rakai, kuna waliosema ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa fedha zao. Kila upande ulikuwa na jirani wa kumtupia, na ugonjwa ukaendelea kuingia nyumba za pande zote mbili.

Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Sisi tumekuwa hodari wa kuangalia kinyozi.

Tufanyeje basi?

Nikueleze kwanza tulivyofanya sisi. Siku mbili baada ya jioni ile mume wangu alikuwa kimya. Kwenye basi la kurudi, tumeshavuka Biharamulo, akasema, "Kile kiwanja chetu, hati ina jina moja." Nikamwambia najua. Akasema, "Tukifika tuweke mawili." Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua umiliki wa pamoja wa mume na mke, kwa hiyo siyo hisani, ni utaratibu. Fomu tumesaini, jalada bado linatembea meza kwa meza. Wosia hajaandika. Anasema kuandika wosia ni kujiitia kifo, na hapo bado tunavutana. Lakini tunavutana kwa maneno, siyo kwa kimya, na kwangu hiyo ni hatua.

Sasa wewe na laazizi wako. Moja, angalieni pamoja. Mmoja kwenye televisheni na mwingine kwenye simu, hapo hamjaangalia pamoja hata kama mguu umegusa mguu.

Mbili, muulize kupitia mhusika. "Wewe ungekuwa yule mwanaume ungefanyaje?" ni swali. "Umeona? Na wewe uko hivyo hivyo!" ni vita. Tofauti unaiona mwenyewe.

Tatu, usimpime mwenzio kwa mtu wa kwenye kioo. Luwi anaandikiwa maneno matamu na mtu aliyelipwa kuyaandika, na hakuna siku tumemwona amekatikiwa na LUKU saa nne usiku akiwa na elfu mbili mfukoni. Mumeo amekatikiwa, akatoka na mvua kwenda kutafuta vocha. Mhesabie.

Nne, na hili ndilo kubwa, kipindi kikiisha msiyaache mazungumzo kule Nairobi. Kabla wiki haijaisha, yahamisheni. Yule mjane alifukuzwa, je, mimi ukitangulia nitalala wapi? Yule kijana alificha mtoto, je, kuna jambo langu au lako ambalo hatujaambiana? Yule mchumba hakupima, je, sisi tulipima lini mara ya mwisho? Msisubiri kuwa na hasira. Ulizaneni mkiwa mmeshiba.

Na kama bado una mzazi, siku moja kaa naye mbele ya tamthilia yake, hata kama unaona ni ya kitoto. Usimharakishe. Usimuulize sana. Mwache amseme mama wa Nairobi, amseme mzee wa Kampala, wewe sikiliza.

Mama yangu siku hizi ananipigia simu kila Jumatano kunisimulia kilichotokea. Mjane bado hajarudishiwa nyumba yake. Mama anasema watamrudishia tu, maana mtengenezaji wa tamthilia akiwa na akili hawezi kuimaliza vile.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mpaka hapo, pendaneni, na mzungumze.